Usianze na Mng'ao: Kupima Upako wa Nikeli na Zinki kwenye Pikipiki ya Zamani

Chini ya vilima vya Kabanga, wilayani Ngara, kuna moja ya akiba kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijachimbwa. Watafiti waliigundua miaka ya 1970, na Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba unaoipa nchi hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Nikeli ikitajwa siku hizi, wengi hufikiria betri za magari ya umeme. Mimi hufikiria mguu wa kiki wa Honda XL125. Metali hii imevisha vyuma vya pikipiki kwa vizazi, na leo mtu mwenye betri ya sola, ndoo ya plastiki na subira anaweza kuipaka nyumbani kwake Rulenge, Nyakahura au Biharamulo mjini.

Kwa kuwa kazi hii inawezekana nyumbani, kazi mbaya nazo hazikosekani. Kipande kinatoka kwenye maji ya upako kikimeremeta, mwenye pikipiki analipa, na masika moja yakipita kutu inachungulia. Mwongozo huu ni wa mtu anayelipa fundi, na pia wa anayejifanyia mwenyewe. Msingi wake ni mmoja: upako hupimwa kwanza pale ambapo macho hayaendi yenyewe. Mng'ao huja mwisho.

Kila kipande na vazi lake

Pikipiki ilipotoka kiwandani haikumeremeta kila mahali. Usukani na ekzosi vilivaa kromu iliyolazwa juu ya nikeli. Bolti, nati, washa na vishikizo vidogo mara nyingi vilivaa zinki, nyeupe au ya manjano. Nguzo za shokapu za mbele zilivaa kromu ngumu iliyosagwa kwa kipimo ili sili zisivujishe mafuta. Anayeifufua Yamaha AG100 au DT125 kwa heshima hurudishia kila kipande vazi lake. Ukiona bolti zote hadi za chini ya tangi zimepigwa nikeli, ujue fundi amependa mng'ao kuliko pikipiki.

Yazoeshe macho rangi za metali hizi. Nikeli ni nyeupe yenye umanjano kwa mbali. Kromu ina ubuluu wa baridi. Zinki ni ya kijivu. Ikichovywa kwenye dawa ya kumalizia hupata ubuluu hafifu, au manjano yanayobadilika ukiigeuzageuza. Zinki ambayo haikupata dawa hiyo hubaki na alama za vidole, na unyevu ukiizidi hutoa unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye bolti mpya, kazi iliachwa njiani.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa rangi. Zinki huliwa na kutu kabla ya chuma kilicho chini yake, hivyo hata ikikwaruzwa inaendelea kukilinda. Nikeli haina tabia hiyo. Yenyewe ni ukuta tu, na tundu moja likibaki wazi, chuma cha chini kinaliwa haraka pale pale. Kwa hiyo zinki inaweza kusamehewa mkwaruzo, nikeli haisamehewi tundu.

Uliza maji yalitandaje

Upako unaolazwa juu ya chuma chenye mafuta ni sawa na lipu juu ya ukuta wenye unyevu: utabanduka. Kipimo cha usafi hakina gharama. Kipande kilichosuguliwa, kikaoshwa kwa sabuni na kutolewa kutu, kimiminie maji safi kisha kiinue. Maji yakitanda kama utando mmoja usiokatika, chuma kimetakata. Yakijikusanya matone matone, au yakikimbia sehemu fulani, hapo pana mafuta, na yanaweza kuwa ya kidole kimoja tu kilichogusa. Fundi anayekijua kipimo hiki atakuonyesha bila kusita. Asiyekijua atakuonyesha vipande vilivyokwisha kung'aa.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kukiacha chuma kwenye asidi hadi kikatoboka vishimo vidogo na kugeuka cheusi. Upako hauzibi vishimo. Huvifuata umbo, na mng'ao unavifanya vionekane zaidi kuliko vilivyokuwa kabla.

Mwanga wa pembeni

Usikague kipande jua la saa sita. Jua linalopiga kutoka juu husafisha kila kitu machoni. Kitoe nje asubuhi au jioni, mwanga uje kwa ubavu, ukizungushe polepole karibu na uso wako. Tafuta mambo matatu. La kwanza ni mistari ya msasa: ikipishana ovyo, fundi aliruka hatua kutoka msasa mkali hadi mlaini. La pili ni ukungu unaoanza na kuisha ghafla. Hapo usafishaji ulikatika. La tatu ni chembe zinazokwaruza ukipitisha ukucha, maana yake maji ya upako yalikuwa na takataka na hayakuchujwa.

Kona na mabonde

Chukua mguu wa kiki, kwa sababu una kila aina ya mtego. Una kona ya nje iliyopinda, una bonde pale unapokunjikia, na una tundu lenye meno linalokaa kwenye shafti. Umeme hupenda ncha na kingo, hukwepa mabonde. Anza kwenye ukingo wa sehemu ya kukanyagia. Ukiwa wa kijivu cheusi, mkavu na wenye punje, mkondo wa umeme ulikuwa mkali na upako umeungua. Kisha ingiza macho kwenye bonde la kiungo. Pakiwa peusi au pana wekundu wa chuma, upako haukufika. Kipande kizuri kina rangi moja kuanzia ukingo hadi bondeni, kwa sababu fundi alikuwa akikigeuza, au aliweka anodi (vipande vya metali ya upako vinavyoingiza umeme kwenye maji) zaidi ya moja kukizunguka. Meno ya ndani ya tundu yawe chuma kitupu chenye mafuta, maana upako hapo hubadilisha kipimo, na ukibanduka vipande vyake husaga shafti.

Vyanzo vya umeme navyo huacha alama. Betri ya sola hutoa mkondo mtulivu, lakini volti 12 zikiunganishwa moja kwa moja huunguza. Fundi mwenye akili huweka balbu ya taa ya pikipiki katikati ya waya ili ipunguze mkondo.

Dai kipande cha majaribio

Huwezi kukunja kiki kupima kama upako umeshika. Ndiyo maana mteja makini hudai kipande cha bati la chuma kilichosafishwa na kuchovywa pamoja na vipande vyake, ndoo ile ile, muda ule ule. Kipande hicho ndicho kitakachotoa ushahidi.

Kwanza kikunje huku na huku mpaka kivunjike. Tazama pale kilipokatika. Upako ulioshika hupasuka pamoja na chuma. Usioshika hunyanyuka kama ganda, na ncha ya kisu huubandua. Pili, kwa upako wa nikeli, sehemu nyingine ya kipande ipashe moto wa tanuri hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi, kisha itie kwenye maji ya baridi. Malengelenge yakitokea, usafi ulikosekana. Tatu, chukua karatasi laini, ilowanishe kwa maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita, uilaze juu ya kipande usiku kucha bila kukauka. Asubuhi, kila nukta ya rangi ya kutu ni tundu. Kwa nikeli, nukta nyingi ni sababu ya kuikataa kazi. Kwa zinki, weupe kidogo ni wa kawaida, wekundu haukubaliki.

Kipimo hiki cha chumvi kina maana kwa wenye pikipiki za huku. Anayebeba mbolea ya dukani kwenda shambani, kisha akapita kwenye matope na vumbi jekundu, anakiwekea chuma chumvi na unyevu kwa pamoja.

Hesabu ya saa

Unene hauonekani kwa macho, lakini unahesabika. Ampia 1 ikipita kwa saa 1 huweka takriban gramu 1.1 za nikeli. Zikitandazwa kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10, ni mikroni 12 hivi, yaani sehemu 12 kati ya elfu moja za milimita. Kwa zinki, mkondo huo huo huweka kama mikroni 17. Hizo ni hesabu za hali bora. Maji ya nyumbani yaliyotengenezwa kwa siki hutoa pungufu.

Bolti ya zinki inatosha kwa mikroni 5 hadi 8. Nikeli ya kipande cha nje kinachonyeshewa inahitaji 20 au zaidi. Basi fundi akisema kiki yako ilikaa dakika 10 kwa mkondo wa aina hiyo, amekuwekea mikroni 2. Itameremeta siku ya kuichukua, na haitavumilia mvua.

Unene ukizidi nao ni kosa. Kwenye nyuzi za bolti, mikroni 10 za upako hubana kipimo kwa karibu mikroni 40, kwa sababu kila uzi una pande mbili za mteremko, na bolti ina pande mbili. Funga nati kwa vidole vitupu. Ikisafiri hadi mwisho bila kukwama wala kuchezacheza, fundi alijua alipotakiwa kusimama.

Tazama alichokataa

Kipimo kinachonipa imani kubwa kwa fundi ni orodha ya vitu alivyokataa kuchovya. Asidi na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, nacho hukatika ghafla baadaye bila kupinda. Springi, ekseli, spoku na bolti zenye alama 10.9 au 12.9 kichwani zimo katika hatari hiyo. Viwandani huokwa kwa saa kadhaa katika nyuzi zipatazo 200 mara baada ya kuchovywa. Asiye na tanuri la kuaminika aviache. Vivyo hivyo sehemu za breki na nguzo za shokapu.

Kromu nayo isifanywe nyumbani. Maji yake ya asili yana kromu inayosababisha saratani, na sumu hiyo hiyo huzaliwa mtu anapotumia kijiko cha stenlesi kama anodi kwenye maji ya chumvi. Hata nikeli inataka glavu, miwani na mahali penye hewa. Chumvi zake hudhuru ngozi na mapafu. Uliza maji yaliyochoka huenda wapi. Yakimwagwa ovyo huishia mitoni: mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha maji hayo hushuka hadi Ziwa Victoria. Fundi anayehifadhi maji yaliyochoka kwenye dumu lenye mfuniko na maandishi ndiye nitakayempa kazi, hata kama bei yake iko juu.

Kutoa uamuzi

Sasa pima makosa kwa uzito wake. Mistari ya msasa na ukungu kidogo mahali pa siri ni hoja za kupunguziwa bei. Kipande kitafanya kazi yake. Ukingo ulioungua, bonde lililokosa upako na nati inayokwama ni sababu za kurudisha kazi ifanywe upya. Malengelenge, upako unaobanduka kwenye kipande cha majaribio na kutu ya nukta nukta ni sababu za kukataa, kwa kuwa dawa yake ni kuvua upako wote na kuanza kwenye chuma kitupu. Na ukigundua fundi amechovya ekseli au bolti ya breki bila kuioka, usiifunge. Nunua nyingine. Chuma hicho kinabeba mtu, na mara nyingi nyuma yake kuna abiria.

Ukishayapita hayo yote, ndipo utoe kitambaa laini, ukisugue kipande na ukifurahie mng'ao wake. Fundi amestahili sifa, na wewe utakuwa unajua unamsifia nini.