Spika za Dari: Hela Iende Nyuma ya Bodi

Spika ya dari ya bei nafuu haina kasha. Ukiigeuza unakuta koni, sumaku na masikio ya plastiki ya kubania, basi. Kasha lake ni ule uwazi kati ya dari na bati, na katika nyumba za Johannesburg uwazi huo una wapangaji wengi: gisa la maji ya moto, sufi ya nyuzi za kioo, nyaya za taa na vumbi la miaka. Ndiyo maana spika ileile huimba vizuri kwa jirani, kwako ikakoroma.

Kwanza dari yenyewe. Bodi ya jipsamu iliyopigiliwa kwenye mbao nyembamba za dari (brandering) hukatika kwa msumeno wa mkono. Dari za bati lenye nakshi, zile za nyumba kongwe za Kensington na Troyeville, usiziguse. Ukizitoboa umeharibu kitu ambacho fundi wa leo hakirudishi. Saruji ya asbesto ndiyo hatari zaidi. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 2008, lakini iliyokwisha kujengwa ingalipo. Kama hujui bodi ni ya nini, weka msumeno chini, ununue spika za ukutani.

Chukua sebule ya mita 6 kwa 4, dari ikiwa mita 2.6. Sikio la aliyeketi liko kama mita 1.1 kutoka sakafuni, kwa hiyo inabaki mita 1.5. Spika inayotawanya sauti kwa nyuzi 90 itafunika duara la kipenyo cha mita 3 pale masikioni. Mbili zinatosha, kila moja mita 1.5 kutoka ukuta wake wa mwisho. Muuzaji atakushawishi uchukue nne, mwache aseme.

Kabla ya kukata, pitisha sumaku darini mpaka ishike vichwa vya misumari. Mstari wao ndio mstari wa mbao. Chora alama ya spika, toboa tundu dogo katikati yake, ingiza waya uliopindwa pembe, uuzungushe. Ukigonga mbao, sogea. Tundu dogo huzibwa kwa plasta kidogo, kosa la msumeno halizibwi hivyo.

Sasa kasha, na hapa ndipo ningemwaga hela. Mara nyingi uwazi wa juu ni mmoja kwa nyumba nzima, hivyo besi ya sebuleni husafiri hadi chumba cha watoto, na mvua ya mawe ikipiga bati kelele zake hushukia kwenye koni. Kasha la MDF la ndani sentimita 40 kwa 40 kwa 13 lina takriban lita 20. Lipitishe kwenye mlango wa dari, lisimame juu ya mbao wala si juu ya bodi, na ndani uweke pamba ya poliesta. Sufi ya kioo isogeze pembeni ukiwa umevaa barakoa.

Waya mwembamba unaokuja na seti, milimita za mraba 0.5, ukivutwa mita 20 huwa na ukinzani wa karibu omu 1.4, kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 huo ni mwizi. Wa 1.5 hushuka hadi chini ya nusu omu. Na usiunganishe spika nne za omu 8 sambamba kwenye chaneli moja: zitakuwa omu 2, na amplifaya nyingi ndogo hujizima.

Amplifaya ya daraja D inayotumia volti 24 ndiyo ya kuchukua, maana hula umeme kidogo na huvumilia inveta siku ya mgao. Ipitishe kwenye plagi ya kukinga radi. Dhoruba za kiangazi huku hazina utani. Nyaya za spika unaweza kuvuta mwenyewe, lakini soketi mpya ya volti 230 kule juu ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Kanuni za umeme za 2009 zinadai cheti, na siku ya kuuza nyumba kitaulizwa.