Kila Pembe ya Picha

Katika "Duffless", kipindi cha msimu wa nne wa katuni ya The Simpsons, Homer na rafiki yake Barney wanatembezwa katika kiwanda cha bia ya Duff. Mbele yao kuna matangi matatu: Duff, Duff Lite na Duff Dry. Ukiinua macho hadi juu kabisa ya picha, unaona bomba moja linaloyajaza yote matatu. Utani wote umo katika bomba hilo, na mchoraji amekuachia uugundue mwenyewe.

Huduma ya Disney+ ilipoanza Novemba 2019, vipindi vya zamani viliwekwa vikiwa vimekatwa juu na chini ili vijaze skrini pana za siku hizi. Picha ya uwiano wa 4:3 ikilazimishwa kuwa 16:9 kwa njia hiyo hupoteza robo nzima ya kimo chake. Bomba likatoweka. Yakabaki matangi matatu yenye majina, na mtazamaji mgeni asijue kwamba alikuwa anachekeshwa. Ilikuwa Mei 2020, baada ya malalamiko mengi, ndipo watazamaji walipowezeshwa kuchagua umbo la awali. Aliyekuwa na seti ya DVD ya msimu huo hakuhitaji kulalamika. Picha yake ilikuwa nzima kama ilivyochorwa.

Ndiyo maana naziheshimu seti zile, na nataka kuwasifu walioziandaa. Kazi yao haionekani ikifanyika vizuri. Katuni ya vichekesho ni kazi ya watu wengi mno: mwandishi anatunga, mwongozaji anapanga, wasanii wa Los Angeles wanachora mikao ya msingi, na wenzao wa Korea Kusini wanaikamilisha michoro ya mwendo, maelfu kwa maelfu. Kila kilichomo ndani ya fremu kimewekwa na mkono wa mtu. Bango la duka kule nyuma, jina la kitabu rafuni, sentensi ambayo Bart anaiandika ubaoni mwanzoni mwa kipindi: hakuna kilichopita mbele ya kamera kwa bahati. Kwa hiyo anayekata pembe ya picha anafuta kazi ya mtu.

Na televisheni ilikata sana, hata kabla ya skrini pana. Vipindi vilivyouzwa kwa vituo vya marudio vilipunguzwa ili matangazo ya biashara yapate nafasi, na wengi wetu tulivifahamu hivyo, bila kujua kwamba kuna mazungumzo yaliyoachwa njiani. Seti ya msimu wa kwanza ilipotoka Septemba 2001, yenye vipindi 13 katika diski tatu, ilivirudisha kwa urefu wake, kwa mpangilio wake.

Tazama hesabu hiyo ya diski. DVD ya tabaka mbili hubeba takriban gigabaiti 8.5. Msimu wa tatu una vipindi 24, nao uligawanywa katika diski nne, yaani vipindi sita kwa kila diski, zaidi kidogo ya saa mbili za picha. Sisi tuliozoea diski za mtaani zilizosongwa filamu ishirini twajua picha ikibanwa inavyokuwa: miraba inacheza nyusoni, giza linakuwa matope. Katuni huumia hasa mahali ambapo mstari mweusi unakutana na rangi tupu, kwa sababu pale hitilafu haina pa kujificha. Kuipa nafasi ya kutosha ni uamuzi unaogharimu fedha, na waliufanya.

Lakini kinachonivuta zaidi ni sauti. Watengenezaji wa katuni hiyo, Matt Groening, Al Jean, Mike Reiss, David Silverman na wenzao, waliketi studioni na kuzungumza juu ya kila kipindi cha misimu ile ya mwanzo huku kikionyeshwa. Humo unajifunza kazi inavyofanyika. Seti ya kwanza iliweka hadharani hata vipande vya toleo la awali la "Some Enchanted Evening", lililorudi kutoka kwa wachoraji likiwa limeharibika, milango ikipinda kama mpira, hadi sehemu kubwa ikabidi ichorwe upya. Kipindi kilichokusudiwa kufungua mfululizo kikaishia kufunga msimu, Mei 1990. Ni watu wachache katika biashara hii wanaokubali kumwonyesha mteja kitambaa kilichochanika kabla hakijashonwa.

Kisha kuna John Swartzwelder, mwandishi wa vipindi 59, aliyeepuka mahojiano kwa miaka mingi. Katika maelezo ya sauti ya kipindi cha "The Cartridge Family" wenzake wanampigia simu. Anapokea, wanazungumza kidogo, halafu kabla ya kukata anawaambia kwamba ni bahati mbaya, kwa kuwa yeye si John Swartzwelder hata kidogo. Nikisikia hapo nacheka kila mara.

Si seti zote zilizofikia kiwango hicho. Ya msimu wa sita, mwaka 2005, ilifungwa katika kasha la plastiki lenye umbo la kichwa cha Homer, nalo likawaudhi wanunuzi hadi likaandaliwa kasha la kawaida kwa waliolitaka. Ya msimu wa ishirini iliharakishwa ili iwahi sherehe za miaka ishirini, ikatoka Januari 2010 bila maelezo ya watengenezaji. Picha yake ni safi, na mimi naiona seti maskini kuliko zote.

Mwaka 2019 "Stark Raving Dad", kipindi cha 1991 chenye sauti ya Michael Jackson, kiliondolewa katika matangazo, na Disney+ ilipofunguliwa hakikuwemo. Mtu anaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa. Lakini diski za 2003 bado zinacho, pamoja na maelezo ya waliokitengeneza, na mtafiti wa kesho atakayetaka kuamua mwenyewe atakuwa na pa kuanzia.

Diski zilikwenda hadi msimu wa ishirini, wa kumi na tisa ukichelewa hadi 2019. Mfululizo wenyewe umeendelea mbali zaidi ya hapo, na waliouanzisha wanazeeka: James L. Brooks, mmoja wao, alizaliwa 1940. Misimu iliyobaki inastahili kupewa diski zake, na hao wazee wawekewe kipaza sauti mbele yao wangali wanakumbuka nani alichora nini.