Mgogoro wa Nafsi ya Njoroge
Katika Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, watahiniwa wengi huuona mgogoro wa Njoroge kuwa kati ya shule na vita vya Mau Mau. Hoja hii haitoshi. Boro, aliyempoteza nduguye katika Vita vya Pili vya Dunia, anamjua adui wake. Njoroge anampenda Mwihaki, bintiye Jacobo, ambaye Boro anamuua. Elimu kwake ni maficho: madhali anasoma, halazimiki kuchagua upande. Anapofukuzwa masomo na mateso, na Mwihaki kukataa kutoroka naye, anaiendea kamba. Mamaye anamkuta. Wanafunzi waulizwe: kwa nini Njoroge anajiona mwoga kwa kubaki hai?