Mpatanishi na Kipatanisho: Mateso ya Mungu katika Sarufi ya Biblia ya Kiswahili

Istilahi za dini aghalabu huhukumiwa kwa asili yake, kama ni za Kibantu au za Kiarabu. Hukumu hiyo haitoshi. Biblia ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, yafaa ichunguzwe pia kwa sarufi yake, hasa pale inapoeleza sababu ya Kristo kuteswa.

Katika Marko 10:45 limetumika neno fidia, yaani mali itolewayo ili kumkomboa mateka au kulipia hasara. Neno hili laonyesha kwamba wokovu una gharama. Hata hivyo, likisimama peke yake huzaa swali la kale: ni nani aliyelipwa? Wapo waliojibu kwamba ni Shetani. Anselm wa Canterbury, katika Cur Deus Homo alichokimaliza mwaka 1098, alikataa jibu hilo, akasema kwamba heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi ndiyo iliyodai kuridhishwa. Hapo msomaji aweza kumdhania Mungu kuwa mdai anayengojea damu.

Kitenzi patanisha chatoa sura nyingine. Kina kauli ya kutendana na ya kutendesha, na katika 2 Wakorintho 5:19 mtenda ni Mungu mwenyewe. Tena, Kristo huitwa mpatanishi katika 1 Timotheo 2:5, kwa ngeli ya mtu, na kipatanisho katika 1 Yohana 2:2, kwa ngeli ya kitu. Apatanishaye ndiye pia kinachotolewa. Kiyunani hakionyeshi udugu huu, kwani mesites, hilasmos na katallasso ni maneno ya mizizi mbalimbali. Wawe walikusudia au hawakukusudia, watafsiri wameikaribia hoja aliyoitetea Jürgen Moltmann mwaka 1972, kwamba Mungu hakukaa mbali na msalaba bali mateso yale yalimhusu mwenyewe.

Faida hiyo ina hasara yake. Hilasmos lina harufu ya madhabahu, nayo patana ni lugha ya baraza, ambako wagomvi waweza kusuluhishwa pasipo mtu kuumia. Ndiyo maana fidia halina budi kubaki kando yake. Mrekebishaji atakayeweka sadaka mahali pa kipatanisho ataipata madhabahu, lakini atakuwa amekata uzi unaomfunga mteswa na mtenda.