Urithi, Mtaji na Udugu: "Adili na Nduguze" Mbele ya Msomaji wa Njukini

Ni desturi kukisoma kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), kama hadithi ya wema unaoishinda husuda. Usomaji huo si wa makosa, ila hukifunga kitabu mapema mno. Ndani yake mna suala la fedha ambalo mwandishi aliligusa akalipita. Nalo mahali kama Njukini, katika nchi ya Taveta chini ya Kilimanjaro, karibu na Ziwa Chala na mpaka wa Tanzania, halipitiki kwa wepesi huo.

Baba afarikipo, urithi hugawanywa. Hasidi na Mwivu husafiri na mafungu yao wakarejea mikono mitupu. Adili huwagawia tena katika kile alichokizalisha kwa fungu lake. Je, atoacho ni zawadi, ni mkopo, au ni haki yao? Kitabu hakisemi.

Msomaji wa Njukini hulikuta swali hilo dukani. Mtu aliyeuza ng'ombe wa urithi akanunua sukari na sabuni ana bidhaa zenye hukumu mbili katika rafu moja: kwa mteja ni fedha, kwa nduguye bado ni mali ya baba. Maneno yenyewe yanashuhudia. "Fedha" ni jina la madini, na "pesa" ilikuja na sarafu ya Kihindi. Zote mbili huhesabika zikaisha. "Mali" ni pana zaidi: mna shamba, mifugo, na madai ya watu juu ya vitu hivyo. Basi urithi hukoma lini kuwa mali ya ukoo ukawa mtaji wa mtu mmoja?

Wapo wadaio kuwa utamaduni wa Mwafrika huchukia hesabu, na kwamba ndiyo sababu maduka yake hufa. Rai hiyo ni ya kivivu. Lugha iliyosema "kutoa ni moyo" ndiyo iliyosema "mali bila daftari hupotea bila habari". Tena tangu 1966, Kenya na Tanzania zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake, jamaa wanaotenganishwa na mpaka huo hawana budi kukadiria shilingi kwa shilingi hata wanaposaidiana, na udugu haufi kwa hesabu hiyo. Nayo M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, humwandikia mtoaji kiasi na saa, apende asipende. Haimwandikii kama ametoa au amekopesha.

Udhaifu wa kitabu uko hapo. Badala ya kuwakabili ndugu hao kwa swali la mtaji, Shaaban Robert anawatumbukiza katika kosa kubwa zaidi, la kutaka kumwua Adili, kisha jini Huria anawageuza manyani. Adhabu hiyo inamaliza habari ya husuda. Deni, kama lilikuwa deni, halitajwi tena.