Nani Alimgundua Evelyn Cameron?

Kama una nia ya kuandika maisha ya mtu ambaye hakuwa maarufu, kitafute kitabu cha Donna Lucey kiitwacho Photographing Montana 1894–1928, kilichotoka mwaka 1990. Kisome chote, halafu gombana nacho kidogo. Mimi nimegombana nacho.

Kinamhusu Evelyn Cameron, mpiga picha wa Terry, kimji kidogo cha mashariki ya Montana, Marekani. Kisa chake kina mvuto wa riwaya. Binti wa watu wenye nafasi zao Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1868, anaolewa na Ewen Cameron. Mwaka 1889 wanakwenda Montana kuwinda, ndiyo fungate yao, na baadaye wanarudi huko huko kuishi. Bwana ana ndoto ya kufuga farasi wa polo na kuwauza Uingereza. Biashara inakufa. Bibi anauza mboga na kuweka wapangaji, na mwaka 1894 mpangaji mmoja anamwelekeza mambo ya kamera. Basi akawa anazunguka kwa farasi akiwapiga picha wachunga ng'ombe, wanyoa kondoo na walowezi waliokuja kulima. Nakala moja senti 25. Akaendelea hivyo hadi karibu na kifo chake mwaka 1928.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lucey, aliyekuwa mhariri akisaka picha za wanawake wa enzi hizo, alifika Terry. Katika chumba cha chini ya nyumba ya kizee mmoja, Janet Williams, akakuta yapata negativu 1,800, maelfu ya nakala na shajara 35. Tangu hapo watu wanasema Lucey "alimgundua" Evelyn Cameron.

Hapo ndipo ninapokataa. Aligundua nini? Mtu aliyeuza picha kwa senti 25 hakuwa amejificha. Waliompoteza ni wa mijini, yaani wahariri na makumbusho. Na yule Janet, rafiki wa Evelyn aliyerithi vitu vyake, alivitunza zaidi ya miaka 50. Nusu karne, jamani! Ungekuwa wewe ungehama nyumba mara ngapi, ungeuza masanduku mangapi? Ukiniuliza mimi, mtafiti wa kwanza wa maisha haya ni Janet, ingawa hakuandika kitabu. Lucey anastahili sifa kwa jambo jingine: alikuwa na subira ya kukaa na kizee mpaka mlango ukafunguliwa, kisha akakaa na zile shajara.

Shajara zenyewe si tamu. Ukitarajia siri za moyo utasinzia. Ni hali ya hewa, maziwa, mikate, barua zilizokuja, nani kapita. Wengi wetu tungeziruka tukimbilie picha. Kumbe humo ndimo mtu alimo! Picha peke yake inakuonyesha mwanamke shujaa; ile inayopendwa mno ni ya mwaka 1912, amesimama wima juu ya mgongo wa farasi. Shajara inakwambia kwamba upigaji picha ulibanwa katikati ya kukamua na kupika, na kwamba mume alikuwa mtu wa kuchunguza ndege zaidi ya kutafuta riziki. Bila hizo kazi za kuchosha, yule shujaa ni kikaragosi tu.

Ninalo lingine. Sisi tuliozaliwa upande huu wa dunia tunalijua neno mlowezi lilivyo na uchungu. Vita vya Little Bighorn, ambapo Walakota na Wacheyenne waliwashinda wanajeshi wa Marekani, vilipiganwa Montana hiyo hiyo mwaka 1876, miaka 13 tu kabla ya fungate ya akina Cameron. Ukitazama zile nyumba za mbao zimesimama peke yake kwenye uwanda mtupu, jiulize uwanda ulikuwaje mtupu. Simlaumu Evelyn kwa picha nzuri. Ila mwandishi wa maisha yake anapokumbatia upana wa ardhi ile kama mandhari tu, nami nikakumbatia naye, sote tumedanganywa na kamera.

Picha ninayoirudia mimi si ya farasi. Ni ya mwaka 1904, amejipiga mwenyewe jikoni kwake akikanda unga wa mkate. Nguo ya kazi, mikono ndani ya unga. Hakujipamba. Alijua kabisa kupanga picha, alikwisha fanya kazi hiyo miaka kumi. Kwa hiyo aliamua kwamba hivi ndivyo aonekane. Kisha akaihifadhi pamoja na nyingine, na Janet naye akaihifadhi.