Fundi Asiyekimbilia Spea

Barabara ya Shinyanga inapopita Mkolani jijini Mwanza, kati ya Nyegezi na Buhongwa, gereji haina haja ya bango. Utaona betri mbili tatu zimepangwa chini ya mwembe zikichajiwa, Hiace imefunguliwa milango yote, na miguu ya mtu inatokeza chini ya dashibodi. Huyo ndiye fundi umeme. Fundi injini ana mafuta hadi viwikoni, fundi bodi utamsikia kwa nyundo kabla hujamwona. Huyu wa tatu ana taa ya kupimia, kipande cha waya mrefu, na maneno machache. Nataka kumsifu yeye, na hasa kwa kazi ambayo watu hawapendi kuilipia: kutafuta umeme unaokata na kurudi wenyewe.

Umeme uliokufa moja kwa moja hausumbui. Fyuzi imeungua, waya umekatika, unaona kwa macho. Tabu ni lori linalozimika taa zote Usagara, likawaka lenyewe mbele kidogo, na likifika gereji halina kasoro yoyote. Dereva anaapa, utingo anaapa. Fundi anawasha, anazima, anawasha tena. Kila kitu kipo. Hapo ndipo mafundi wanapoachana. Mmoja atasema, "Altaneta hiyo, leta hela." Kibiashara hajakosea, maana spea mpya ina boksi lake na mteja anakiona alichonunua. Mwingine atavuta kigoda aanze kuuliza.

Inakata ukiruka tuta, au hata kwenye lami iliyonyooka? Asubuhi, au jua likishawaka? Vinazima vyote kwa pamoja, au redio inabaki? Dereva anadhani ni mazungumzo ya kupoteza muda, kumbe matibabu yameanza. Vikizima vyote kwa mpigo, ubovu upo mahali ambapo vyote vinapita: temino za betri, waya mkuu, ethi. Redio ikibaki, usihangaike na betri, nenda mbele. Ikikata kwenye matuta, kuna kiungo kimelegea au waya unaosuguana na bati. Ikikata kwa joto tu, shuku relei au kiungo kinachoachia kikipata moto. Na muda wote huo fundi hajagusa kitu. Hilo ni la makusudi. Mwenye pupa hutikisa kila konekta, moja ikajikaza bila yeye kujua, gari likapona wiki moja, na ushahidi ukapotea.

Barabarani hapo hupita pia wageni na magari yao yenye nyumba mgongoni, na kitanda, jiko na friji ndani. Wengine wametoka Serengeti kwa geti la Ndabaka, wakalala Mwanza, na sasa wanaelekea Geita hadi Rwanda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, hawangoji tena kivuko. Gari la namna hiyo lina betri ya kuwashia injini na betri ya nyumba, na katikati relei inayoziunganisha injini ikiunguruma na kuzitenganisha ikizimwa. Juu ya paa kuna sola. Chini ya kitanda kuna inveta inayotoa volti 230. Mwenyewe huja na kitabu kinene cha michoro ya waya. Fundi anakipokea kwa heshima, anakiweka kwenye siti. Mchoro unaeleza gari lilivyotoka kiwandani, hauelezi vumbi wala mitikisiko ya njiani.

Malalamiko ni yale yale: usiku taa zinafifia, friji inazima, halafu vinarudi. Mgeni ameshapima kwa mita ya dijitali akapata volti 12.6, betri imejaa. Amepima sawasawa na bado amedanganyika. Mita hiyo hainywi umeme, au inakunywa kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Waya wa nyuzi thelathini uliobakiwa na uzi mmoja ulioliwa na kutu utaionyesha 12.6 zile zile, kwa sababu hakuna mzigo unaopita. Ndiyo maana fundi wetu ana balbu ya indiketa ya wati 21 aliyoichomelea nyaya mbili. Ikiwaka inavuta karibu ampea 1.75, na uzi ule mmoja hapo hauna pa kujificha: balbu inawaka wekundu wekundu. Kanuni ni ya Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827, na kijana aliyesomea umeme wa magari VETA atakupigia hesabu yake: kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, stata ikivuta ampea 200, inameza volti 2. Kwa gari la volti 12, hizo ndizo tofauti ya kuwaka na kutowaka.

Basi anamwomba mgeni awashe kila kitu, friji, pampu ya maji, taa zote. Ncha moja ya mita anaigusisha hasi ya betri ya nyumba, nyingine kwenye chasisi. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Inasoma 0.9. Anamwonyesha mgeni, hasemi neno, anaingia uvunguni na spana namba 13. Boliti ya ethi ilikazwa juu ya rangi, na chini ya rangi kutu imeshajijengea. Anasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, anarudisha, anakaza, anapaka grisi juu. Mita sasa inasoma 0.04. Angeweza kuomba hela yake hapo. Badala yake anaacha vyote vikiwaka, anagonga chasisi kwa mpini wa nyundo, anatikisa waya, anasubiri kiungo kipate joto, anapima upya. Anaushawishi ubovu urudi mbele yake, ili akisema umepona awe na haki ya kusema.

Halafu inakuja bei, na hapo ndipo huwa nakasirika. "Yaani umekaza boliti tu?" Tunalipa altaneta ya laki kadhaa bila kuguna, lakini saa mbili za kufikiri tunaziita ujanja. Matokeo yake wapo mafundi wanaojua kabisa kwamba ni boliti, na bado wanabadilisha spea nzima ili mteja aondoke ameridhika. Wizi huo tumewafundisha wenyewe.

Na kuna siku ubovu haujitokezi kabisa, hata ukitikiswa jioni nzima. Fundi wa kweli hachukui hela ya matengenezo siku hiyo. Anamwambia dereva wa lori la dagaa, "Mzee, bado sijauona. Nenda nalo. Ukikata, usizime kitu, usiguse waya, nipigie nikukute hapo hapo. Nauli ya boda tu ndiyo itakuwa juu yako."